Madaraja ya Roma na Kilalo cha Misioni Yetu



Komite ya Jubilei ilituomba sisi makatekista tuandike kidogo juu ya mambo ya kale. Wengine wamekwisha kuandika juu ya mapadri wa kwanza, juu ya ubatizo wa kwanza na juu ya shule. Sisi tumechagua kuandika juu ya madaraja ya mawe. Labda wengine watacheka na kuuliza: Daraja lina habari gani na sikukuu ya parokia? Lakini kila mtu aliyefika leo kwenye Misa kutoka ng'ambo ya mto amepita juu ya kile kilalo chenye tao moja, kilicho chini ya misioni, ambacho Furere mmoja alikijenga pamoja na babu zetu. Kwa ajili ya sikukuu kimepakwa chokaa nyeupe, na kinang'aa vizuri. Tunawashukuru vijana waliofanya kazi hiyo. Lakini juma lililopita tulishuka mtoni, tukainama chini ya tao, tukatazama juu. Tuliona mizizi ya mti imeingia kati ya mawe, na maji yakidondoka katikati ya tao, ingawa mvua haikunyesha kwa siku tatu.

Ndipo tulipokumbuka habari za madaraja ya Roma, mji wa Mitume Petro na Paulo. Madaraja yale yana mafundisho mengi kwa watu walioachiwa kazi ya mawe na wazee wao. Tumeona yafaa tuwasimulie.

1. Jina la Papa na kazi ya daraja

Tulipokuwa katika seminari ndogo tulifundishwa Kilatini kila asubuhi, na neno moja lilitushangaza: pontifex. Ndilo jina ambalo Baba Mtakatifu huitwa katika maandiko mengi ya Roma, nalo lilikuwa kwanza jina la makuhani wa Warumi wapagani. Varro, mtaalamu wa Kirumi aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristu, alieleza kwamba neno hilo latoka katika maneno mawili, daraja na kufanya. Kwa maana makuhani wale ndio waliojenga daraja la Sublicius, daraja la mbao, na ndio waliolitengeneza tena mara nyingi.

Wako wengine, hata zamani zile, walioeleza neno hilo kwa njia nyingine, na sisi hatutaki kugombana nao. Lakini maelezo ya Varro yana jambo moja la kuangaliwa. Hakusema tu kwamba makuhani walijenga daraja. Alisema pia kwamba walilitengeneza tena. Kujenga ni kazi ya mara moja, na hufanywa kwa ngoma na nyimbo. Kutengeneza ni kazi ya kila kizazi, na mara nyingi hakuna anayeipigia makofi.

2. Namna tao linavyosimama

Kabla ya kuendelea ni lazima kueleza namna daraja la mawe linavyosimama, maana asiyejua kinacholishika hawezi kujua kinacholiangusha.

Shika mnyororo kwa mikono miwili, uuache uning'inie. Utaona unafanya umbo la kuinama kuelekea chini, na kila pete yavuta nyingine. Sasa fikiri kwamba umbo lile limegeuzwa juu chini na kuwa gumu: hapo kila kipande hakivuti tena, bali chasukuma jirani yake. Hilo ndilo tao. Mwingereza Robert Hooke alitangaza siri hiyo mwaka 1675, lakini mafundi wa Kirumi walikuwa wameitumia kwa mikono yao tangu zamani sana.

Fundi husimamisha kwanza kiunzi cha mbao chenye umbo la tao. Juu yake hupanga mawe yaliyochongwa kama kabari, mapana juu na membamba chini, akianzia pande zote mbili na kupanda hadi katikati. Jiwe la mwisho, jiwe la kufungia, likiisha kuingia mahali pake, kiunzi huondolewa na tao hujishika lenyewe. Mawe yale hayashikwi hasa na chokaa iliyo kati yao. Hushikwa na uzito wao wenyewe, unaosukuma kutoka jiwe hadi jiwe, mpaka kwenye nguzo na kwenye kingo za mto.

Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza: nguzo na viegemeo vya pembeni visiondoke mahali pao, hata kidogo. La pili: mabega ya tao, yaani sehemu za kushoto na kulia juu ya nguzo, yajazwe vizuri kwa vitu vizito na vigumu, kusudi tao lisifunguke. Mtu asiyejua atafikiri kwamba kulipunguzia daraja uzito pale mabegani ni kulisaidia. Kumbe aweza kuliua, kama tutakavyoona.

3. Daraja lililotiwa sahihi

Katikati ya Roma, katika mto Tevere, kuna kisiwa kidogo. Daraja linalokiunganisha na upande wa mashariki laitwa daraja la Fabricius. Lilijengwa mwaka wa 62 kabla ya kuzaliwa kwa Kristu, na hata leo watu wanapita juu yake kwa miguu. Lina matao mawili makubwa, kila moja lenye upana wa karibu mita 24 na nusu. Katika nguzo ya katikati kuna tundu lenye umbo la tao dogo. Tundu hilo si pambo. Mto unapojaa, maji hupita humo, na nguvu yanayosukumia nguzo hupungua.

Juu ya matao kumechongwa maandishi ya Kilatini, nayo yatufundisha zaidi kuliko tundu lile. Yanasema kwamba Lucius Fabricius, mwangalizi wa barabara, alisimamia ujenzi, na kwamba yeye huyo aliikagua kazi na kuikubali. Chini yake, kwa herufi ndogo, yameongezwa maandishi mengine: Quintus Lepidus na Marcus Lollius, makonsuli wa mwaka wa 21 kabla ya Kristu, nao walilithibitisha kwa agizo la baraza la wazee wa mji. Ni miaka 41 baada ya ujenzi! Wataalamu wengi wanafikiri kwamba sababu ni mafuriko makubwa ya mwaka wa 23. Mto ulikuwa umefurika. Basi wakubwa wa mji walikwenda kulitazama daraja, na walipoliona zima, walichonga majina yao katika jiwe.

Watu hao walikuwa wapagani, lakini tendo lao ni la haki. Anayesema, Daraja hili ni zima, piteni, na aweke jina lake mahali watu wote wanaweza kulisoma. Maandishi mengine yatukumbusha kwamba daraja lilitengenezwa tena mwaka 1679, zamani za Papa Inosenti wa 11. Kwa namna hiyo limeishi zaidi ya miaka 2000. Halikuishi kwa sababu ya nguvu ya mawe tu. Liliishi kwa sababu, kila mara baada ya muda, mtu fulani alikwenda kulitazama.

4. Magonjwa ya daraja la mawe

Mawe nayo huugua, na ugonjwa wake mkubwa ni maji. Maji yana njia mbili.

Njia ya kwanza ni chini. Mto unapofurika, maji hukimbia kwa nguvu kuzunguka nguzo, na huchimba udongo na mchanga chini ya msingi. Aliye barabarani haoni kitu. Nguzo hubaki kama mtu aliyesimama kwenye ukingo wa shimo, na siku moja huinama. Madaraja mengi ya mawe yaliyoanguka duniani, matao yake yalikuwa mazima; ni miguu iliyoondolewa na mto.

Njia ya pili ni juu. Mvua huingia kupitia mashimo ya barabara, hushuka ndani ya udongo uliojazwa juu ya tao, huosha chokaa kati ya mawe, na hutoka chini tone kwa tone. Mahali chokaa ilipotoka, mbegu ya mti huanguka. Mti hupanda mizizi. Mizizi hufungua mawe zaidi. Na maji hupata mlango mpana zaidi. Udongo wa ndani ukishiba maji huvimba, na kuzisukuma nje kuta za pembeni mpaka zinaanza kutoa tumbo.

Ugonjwa wa tatu twauleta sisi wanadamu: mizigo. Daraja lililojengwa kwa ajili ya watu, punda na mikokoteni linapitiwa na magari mazito. Tao la mawe ni lenye uvumilivu mkubwa, na hilo ndilo hatari yake. Huvumilia bila kulia, na watu wanadhani kwamba litavumilia daima.

5. Jubilei iliyogeuka kilio

Sisi tunaofanya Jubilei leo, inafaa tukumbuke Jubilei ya mwaka 1450.

Mwaka ule Papa Nikolai wa 5 aliufungulia ulimwengu Mwaka Mtakatifu, na mahujaji wengi sana walifika Roma. Ili kufika kwenye basilika ya Mtakatifu Petro, karibu wote walipita juu ya daraja moja, lile lililojengwa na mfalme mkuu Hadriano mwaka wa 134, ambalo leo laitwa Daraja la Malaika Mtakatifu. Njia ya kuingilia darajani ilikuwa imebanwa na nyumba na maduka.

Tarehe 19 Desemba umati mkubwa ulikuwa ukirudi kutoka Mtakatifu Petro. Wengine walikuwa wakija upande wa pili. Katikati ya daraja nyumbu mmoja alishtuka na kuziba njia. Waliokuwa nyuma hawakujua kitu, nao waliendelea kusukuma. Vizuizi vya pembeni vilikatika. Wengine walikanyagwa, wengine walianguka mtoni. Maandishi ya wakati ule hayapatani kabisa katika hesabu. Wengine wanataja wafu 172, wengine wanakaribia 200.

Angalieni vema: matao ya Hadriano hayakuanguka siku ile. Jiwe lilikuwa zima. Njia na kingo ndizo zilizoshindwa. Kukagua daraja si kutazama mawe tu. Ni kuuliza pia: Wangapi watapita hapa siku ya sikukuu? Watakutanaje na wale wanaorudi? Na mtoto akisukumwa, ataushika ukuta gani?

Papa Nikolai aliagiza nyumba zilizobana njia zibomolewe, na penye mwanzo wa daraja vikajengwa vikanisa viwili kwa ajili ya kuwaombea marehemu. Baadaye Papa Sisto wa 4 aliona kwamba maombi peke yake hayatoshi, bali njia ya pili ni ya lazima. Mwaka 1473 aliweka jiwe la msingi la daraja jipya mahali palipokuwa na magofu ya daraja la kale, kusudi mahujaji wa Jubilei ya 1475 wagawanyike katika njia mbili. Ndilo daraja la Sisto, lililo na tundu kubwa la mviringo katika nguzo ya katikati. Watu wa Roma walizoea kulitazama tundu lile kama jicho: maji yakilifikia, walijua kwamba mto umekuwa wa kuogopwa.

Habari ya daraja hilo haikuishia hapo. Mwaka 1877 liliongezwa njia za chuma pembeni kusudi liwe pana zaidi. Zilikaa zaidi ya miaka 100, na karibu na Jubilei ya mwaka 2000 ziliondolewa, nalo likaachiwa watu wa miguu. Wakati mwingine dawa ya daraja la mzee ni kumpunguzia mzigo.

6. Daraja lililopambwa nje

Tunafika sasa kwenye habari iliyotufanya tuandike makala hii.

Daraja la kwanza la mawe katika Roma lilikuwa lile la Aemilius. Nguzo zake zilisimamishwa mwaka wa 179 kabla ya Kristu, na matao yake yaliongezwa mwaka wa 142. Lakini lilikuwa mahali pabaya, penye mkondo mkali, na mafuriko yaliliumiza mara kwa mara. Katikati ya karne ya 16 lilikuwa limechoka kabisa. Papa Paulo wa 3 alimpa kazi ya kuliimarisha Michelangelo, fundi yule yule aliyechora picha za kikanisa cha Sisto. Naye alianza mahali panapostahili: alianza chini, kwenye nguzo.

Kazi ya chini ya maji hula feza nyingi, na haionekani. Vasari, rafiki ya Michelangelo, aliyeandika maisha ya mafundi wa Italia, anasimulia kwamba chini ya Papa Yulio wa 3 maofisa wa hazina walichoka na gharama. Wakampa kazi fundi mwingine, Nanni di Baccio Bigio, aliyeahidi kuimaliza upesi na kwa feza kidogo. Tena, kwa neno la Vasari, fundi huyo aliyaondoa mawe makubwa ya travertino yaliyolilemea daraja mabegani na kulipa nguvu, akayauza, na mahali pake akajaza changarawe. Kwa nje alitengeneza kuta nzuri za pembeni. Mtu aliyepita aliona daraja jipya kabisa.

Vasari anasimulia pia kwamba siku moja yeye na Michelangelo walipita juu ya daraja hilo wakiwa juu ya farasi. Mzee alimwambia kwamba daraja linatetemeka chini yao, na kwamba afadhali waharakishe, lisije likaanguka wangali juu yake. Mwaka 1557 mafuriko yalikuja, na daraja likavunjika.

Ni kweli kwamba Vasari alimpenda Michelangelo, na asiyekuwapo hawezi kuhukumu kila neno. Lakini tukumbuke tulivyosema juu ya mabega ya tao. Kuondoa jiwe zito na kuweka changarawe ni kulinyima tao kile kinacholifunga. Na kuacha misingi bila kuilinda ni kuuachia mto ufanye utakavyo. Wala huwezi kuliona kosa hilo kwa kusimama barabarani.

Papa Gregori wa 13 alilijenga tena, nalo likawa tayari kwa Jubilei ya 1575. Halikuishi hata miaka 25. Usiku wa kuamkia Noeli, mwaka 1598, mto Tevere ulipanda kuliko siku zote zinazojulikana, karibu mita 19 na nusu kwa kipimo cha Ripetta, na ulichukua matao matatu kati ya sita. Halikutengenezwa tena kwa mawe. Leo limebaki tao moja tu katikati ya maji, halina mwanzo wala mwisho, na watu wa Roma wanaliita Ponte Rotto, yaani Daraja Lililovunjika.

7. Namna ya kukagua na kutengeneza

Mafundi wa siku hizi wana vyombo vingi, lakini mwanzo wa kazi ni ule ule: kutazama kwa uvumilivu, na kuandika.

Wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache, hushuka chini na kupima kina cha mto karibu na kila nguzo, kisha hulinganisha na kipimo cha mwaka uliopita. Hupiga mawe kwa nyundo ndogo: jiwe lililoshikwa vema hulia kwa sauti kali, jiwe lililoachana na wenzake hulia kama mtungi mtupu. Hushusha timazi kwenye kuta kuona kama zimetoa tumbo. Kwenye ufa hubandika kipande cha kioo au cha plasta, na huandika tarehe. Kikikatika, wajua kwamba ufa ungali unatembea. Kisipokatika, labda ni kovu la zamani tu. Halafu hurudi tena baada ya kila mafuriko, kama Lepidus na Lollius.

Katika kutengeneza, huanza na maji. Hutengeneza barabara ya juu kusudi mvua isiingie, huweka tabaka la kuzuia maji juu ya tao, na hufungua mifereji ya kuyatoa. Miti hukatwa, lakini mizizi minene haing'olewi kwa nguvu, maana itatoka pamoja na mawe. Viungo kati ya mawe husafishwa na kujazwa upya.

Hapa kuna neno la kuangaliwa sana. Wengi wanafikiri kwamba simenti kali ni bora kuliko chokaa, kwa kuwa ni ngumu zaidi. Lakini katika kazi ya kale ugumu huo ni adui. Ukuta wa chokaa hupumua, na hukubali kusogea kidogo. Simenti hufunga maji ndani, na haikubali kusogea. Basi jiwe lenyewe ndilo linalovunjika. Kiungo kiwe laini kuliko jiwe, kusudi pakiwa na kuumia, kiumie kiungo, ambacho chaweza kujazwa tena.

Jiwe lililooza huondolewa moja baada ya lingine, na kwanza tao huwekewa kiunzi cha kulishika. Kuta za pembeni zinazosukumwa nje hufungwa kwa vyuma vinavyopita toka upande mmoja hadi mwingine. Mahali palipo na utupu ndani hupigwa uji wa chokaa kwa shinikizo dogo. Chini ya nguzo iliyochimbwa hujazwa msingi mpya, na mawe makubwa hutupwa kuzunguka ili mto usichimbe tena. Kama magari mazito hayana njia nyingine, waweza kumwagwa utandiko wa betoni yenye vyuma juu ya tao, ndani ya daraja. Lakini kazi hiyo ataka enjeniere anayejua hesabu, maana mzigo mpya na ugumu mpya hubadilisha njia ambayo nguvu zilizoea kupita.

Katika Roma yenyewe mara nyingine walilazimishwa kwenda mbali zaidi. Baada ya mafuriko ya Desemba 1870 iliamuliwa kuujengea mto Tevere kuta ndefu na kuupanua. Kwa sababu hiyo daraja la Cestius, upande wa pili wa kile kisiwa, lilibomolewa mnamo mwaka 1888 na kujengwa tena hadi 1892, nalo likapewa matao mapana zaidi pembeni. Mengi ya mawe yake ya kale yalirudishwa katika tao la katikati. Daraja la Malaika nalo liliongezwa matao mapya kwenye miisho yake miaka ya 1892 hadi 1894; yale matatu ya katikati ni ya Hadriano hata leo. Na daraja la Milvio, palipopiganwa vita ya Konstantino mwaka wa 312, lilitengenezwa zamani za Papa Pio wa 7, mwaka 1805. Mwaka 1849 askari wa Garibaldi walilipua tao lake moja ili kuwachelewesha Wafransa, na Papa Pio wa 9 alilirudisha mwaka uliofuata. Miaka yetu hii, vijana wapendanao walifunga kufuli nyingi kwenye taa za daraja hilo, hata mwaka 2007 nguzo ya taa ikashindwa na uzito. Hata upendo wataka kupimwa kabla ya kutundikwa darajani.

8. Kwa kilalo chetu

Turudi kwetu sasa, kwa heshima zote.

Hatuna mto Tevere, wala hazina ya Roma. Tuna tao moja, lenye umri wa misioni yetu. Juu yake wamepita wachumba wakienda kufunga ndoa, na juu yake tumewabeba marehemu wetu. Siku hizi yapita magari yenye mizigo ambayo Furere yule hakuyawaza hata katika ndoto. Nasi, kwa ajili ya sikukuu, tumekipaka chokaa.

Hatumlaumu mtu. Sisi wenyewe tumepita juu yake kila Dominika kwa miaka mingi, na hatukushuka kutazama chini hata mara moja. Katika hilo sisi ni ndugu ya maofisa wale waliochoka na kazi isiyoonekana.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu mbele ya Padri paroko na Baraza la parokia. La kwanza: sehemu ya matoleo ya Jubilei itengwe kwa kazi ya chini ya kilalo, yaani mizizi, viungo na maji, na ifanywe kwa chokaa wala si kwa simenti. La pili: mpaka fundi anayejua kazi ya mawe afike na kukitazama, magari yenye mizigo yasimame ng'ambo, na mizigo ivushwe kwa mikono. Twajua kwamba neno hilo litawauzi wafanyabiashara, na wengine wao ni wajomba zetu. La tatu: kila mwaka, mvua zikiisha, watu wawili washuke mtoni, wapige mawe kwa nyundo, wapime kina, na waandike waliyoyaona katika buku la parokia, pamoja na majina yao.

Kwa mwaka huu tumekwisha kushuka, mzee mmoja wa kijiji na sisi. Tumeyaandika tuliyoyaona. Ukurasa uko kwa Padri paroko, na jina letu liko chini yake. Ila hatukuweza kuandika kwamba ni kizima.

Tunawatakia ninyi nyote Jubilei yenye baraka. Na mutakaporudi nyumbani jioni hii, tafadhalini, piteni kwenye kilalo wachache wachache, na watoto wawe katikati.